Visu vya Kukunja vya Kubeba Kila Siku: Jinsi ya Kuchagua Viwili Vitakavyokufaa

Mfuko wa kulia wa suruali yangu una kisu chenye kufuli, mpini wake wa plastiki umechakaa na unanuka nyaya. Wa kushoto una kisu kidogo kisicho na kufuli, na makali yake hayagusi kitu kisicholiwa. Mimi ni fundi wa sola. Ninakaa Kisumu lakini kazi hunipeleka Luanda, Kakamega na Mumias, na mara mbili tatu kwa mwaka hunifikisha Nakuru na Molo. Kwa miaka kumi na miwili nimenunua visu vingi, vingine vizuri, vingine vya kutupa. Hivi viwili ndivyo vilivyobaki. Nataka nikufikishe kwa viwili vyako bila kupitia njia ndefu niliyopita mimi.

Niseme jambo moja mapema. Hapa nazungumzia kisu kama chombo cha kazi. Kama unatafuta kisu cha kujihami usiku, nakusihi uache. Ukikabwa, toa simu, urudi nyumbani kwa watoto wako. Kisu mikononi mwa mtu aliyeshikwa na hofu huongeza damu tu, na mara nyingi huwa ni damu yake mwenyewe.

Wiki moja ya kuandika

Usiende dukani bado. Chukua daftari au simu, na kwa siku saba andika kila kitu ulichokata, au ulichotamani kukata ukakosa cha kukatia. Usichuje. Andika hata uzi wa kitufe.

Orodha yangu ya wiki moja ya kawaida ilikuwa hivi: katoni kumi na moja za betri na taa, vifungo vya plastiki visivyo na hesabu, ganda la waya wa milimita 2.5 za mraba, kamba ya katani kwenye magunia mawili, ukanda wa blada ya kufungia paneli kwenye boda, selotepu, embe tatu, muwa mmoja, na nyanya za kachumbari juu ya paa la zahanati saa saba mchana. Nilipoitazama niliona mambo mawili. Kwanza, hakuna hata kimoja kilichohitaji kisu kirefu kuliko kidole changu cha kati. Pili, kitu kimoja katika kila vitatu kilikuwa cha chakula.

Orodha yako itakuwa tofauti, na hilo ndilo la maana. Mkulima wa viazi Molo atajaza ukurasa kwa kamba za katani na nyuzi za magunia. Fundi cherehani atakuta mkasi unamtosha, kisu hakihitaji. Mtu wa samaki pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, asinunue kisu cha kukunja kwa kazi hiyo hata akibembelezwa, kwa sababu magamba na utumbo huingia kwenye bawaba vikaozea humo, na hakuna maji yatakayovitoa vyote. Kisu cha samaki kiwe cha kawaida kisichokunjika, chenye ala yake.

Kwa nini viwili

Kisu kilichokata ganda la waya na blada ya zamani kimebeba grisi, vumbi na mabaki ya mpira. Unaweza kukiosha, lakini juu ya paa huna sabuni, na njaa haingoji. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa napangusa kisu kwenye suruali kisha nakata embe. Tumbo lilinifunza. Sasa kisu cha chakula ni cha chakula, kiko mfuko wake, na mtu akikiomba kufungulia katoni nampa kile kingine.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kazi ya chakula inataka ubapa (kile chuma kinachokata) mwembamba wenye makali laini, na ubapa huo ukiupeleka kwenye bati au waya utavunjika ncha. Kazi chafu inataka ubapa mnene kidogo na kufuli la kuaminika. Kisu kimoja kinachojaribu kufanya yote mawili huishia kusaga nyanya na kuogopa katoni.

Urefu

Weka vidole vinne pamoja, bila gumba, uvilaze juu ya ubapa. Upana huo kwa watu wengi ni kama sentimita 7 au 8, na hapo ndipo ubapa wa kisu cha kazi unapotosha. Cha chakula kinaweza kuwa na sentimita 6. Ukipita sentimita 9 kisu huanza kukuchoma pajani ukikaa kwenye matatu, na watu wakikiona hubadilika sura. Hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko wauzaji wanavyokubali.

Kufuli, na kidole changu

Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua kisu kwa mchuuzi mmoja kwenye kituo cha mabasi. Shilingi 350, kizito mkononi, kimechorwa joka mpinini. Kilifunguka kwa mlio mkali uliomfurahisha kila aliyeusikia. Siku ya nne nilikuwa natoboa kifuniko cha mtungi wa plastiki nipitishe waya. Ncha iliingia, ikakwama. Nilipokizungusha mpini kidogo ili kuitoa, ule ulimi wa bati uliopaswa kuushikilia ubapa uliteleza pembeni, na ubapa ukarudi nyumbani kwake na kukuta kidole changu cha shahada kikiwa njiani. Nyuzi nne. Hadi leo, asubuhi za baridi kule Molo, kiungo cha pili hakikunjiki hadi nikipashe kwa kikombe cha chai.

Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Visu vingi vya kukunja vya dukani hutumia ulimi wa bati uliofichwa ndani ya mpini. Ubapa ukifunguka wote, ulimi huchomoka pembeni na kusimama nyuma ya kisigino cha ubapa, yaani mwisho wake ulio kwenye bawaba. Ni mfumo mzuri ukitengenezwa vizuri. Fungua kisu, kiangalie kutoka mgongoni dhidi ya mwanga. Ulimi unatakiwa uwe umeingia angalau robo ya upana wa kisigino. Ukiwa umening'inia ukingoni kabisa, kirudishe. Ukiwa umepita hadi ukaegemea upande wa pili, umeshalika, kirudishe pia.

Aina ya pili ina kufuli la mgongoni: kipande cha chuma kinachoonekana juu ya mpini, unachobonyeza ili kufunga. Hiki nakipenda kwa kazi chafu, mradi usisahau kwamba pamba ya mfukoni hujaa kwenye ule mtaro mdogo ambamo jino la kufuli hukaa. Ukijaa, jino halishuki lote. Kijiti cha meno mara moja kwa wiki kinatosha.

Aina ya tatu ni pete inayozungushwa kwa kidole kuziba njia ya ubapa. Ni rahisi na imara, ila inataka mikono miwili.

Na kuna visu visivyo na kufuli kabisa, ambavyo ubapa wake hushikiliwa na springi tu. Usividharau. Kwa embe, bahasha na uzi havina hatari, maana nguvu yote inaelekea upande wa makali. Hatari huja ukitoboa au ukisukuma kwa ncha. Kanuni yangu ni fupi: bila kufuli, hakuna kutoboa.

Chuma

Muuzaji atakuambia "hiki hakishiki kutu" na kukuonyesha neno lililopigwa chapa kwenye ubapa. Neno hilo peke yake halikuambii kitu kuhusu makali. Chuma huanza kuhesabiwa kisichoshika kutu kikiwa na takriban asilimia 10.5 ya kromiamu, na kijiko cha ugali nacho hakishiki kutu lakini hakikati. Unachotaka ni namba ya aina ya chuma. Ukiona 12C27 au 14C28N, vyote vya asili ya Sweden, au 8Cr13MoV ya Uchina, au 440C, unajua uko kwenye chuma kinachoshika makali na kinachonoleka nyumbani. Kisipokuwa na namba, bei iwe ndogo na matarajio yako yawe madogo.

Chuma cha D2 ni kigumu na hukaa na makali muda mrefu, lakini kukinoa kwa kinoo cha kawaida ni kazi ya jioni nzima, tena kikiachwa na unyevu hushika madoa. Mimi nachagua chuma laini kidogo ninachoweza kukirudisha kwa dakika kumi kuliko chuma kigumu kitakachobaki butu kwa sababu sina muda.

Kisha kuna chuma cha kaboni. Kinakata kwa namna ambayo ukiizoea unaona vingine vyote vizito. Lakini Kisumu si mahali pepesi kwa kaboni. Hewa ya ziwa ina unyevu, mfuko una jasho, na ukikiacha na maji ya embe usiku mmoja asubuhi unakuta madoa meusi. Meusi hayana neno. Baada ya muda ubapa wote huwa wa kijivu na rangi hiyo huukinga kidogo. Kutu nyekundu ndiyo adui. Nakuru, ambako hewa ni kavu zaidi, rafiki yangu anabeba kaboni mwaka mzima bila shida. Shida yake yeye ni vumbi. Jina la mji wenyewe huhusishwa na vumbi kwa Kimaasai, na atakayefungua bawaba ya kisu kilichokaa Nakuru miezi mitatu hataulizia sababu.

Umbo na mpini, kwa haraka

Chukua ubapa wa kawaida: mgongo ulionyooka au ulioshuka kidogo kuelekea ncha, tumbo lenye mviringo mdogo. Unafaa kila kitu. Makali ya meno hukata kamba ya nailoni vizuri sana, lakini kuyanoa bila kifaa maalumu ni taabu, kwa hiyo yanunue kama kazi yako ni nyavu na kamba tu. Ubapa wenye makali pande zote mbili usiununue kabisa, huo ni umbo la silaha na kila askari anaujua.

Mpini uujaze mkono bila kuteleza ukiwa na jasho. Mbao ni nzuri na hupendeza, ila ikilowa huvimba na kubana ubapa. Plastiki ngumu haisumbui. Na mpini wowote, hata wa mbao, si kinga ya umeme. Zima swichi kubwa kwanza, hakikisha kwa testa, ndipo ushike waya.

Majina yanayostahili pesa yako

Kwa kisu cha chakula, naweka Opinel mbele ya vyote. Ni kisu cha Ufaransa, kutoka Savoie, kinachotengenezwa tangu 1890, mpini wa mbao, na tangu 1955 kina ile pete ya kufungia. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na uzito wa gramu 45 hivi. Huuzwa cha kaboni na kisichoshika kutu. Hapa ziwani chukua cha pili. Ubapa wake ni mwembamba kiasi kwamba nyanya haijui imekatwa. Ukitaka kidogo zaidi, namba 6 inatosha embe.

Victorinox ya Uswisi, ile nyekundu yenye msalaba, imekuwapo kwa umbo la kisu cha ofisa tangu 1897. Zile zenye urefu wa milimita 91 zikikunjwa zina ubapa usio na kufuli, kifungua kopo, bisibisi na msharasi, na msharasi huo umenishonea begi zaidi ya mara moja. Hiki ndicho kilicho mfuko wangu wa kushoto. Jihadhari na bandia, ambazo ziko nyingi. Fungua ubapa mkubwa, usome chapa kwenye shina lake: jina la kampuni na maneno Swiss Made yawe yamechorwa safi. Kisha fungua na ufunge kila kifaa. Cha kweli hufunga kwa mlio mmoja mzito na hakichezi kushoto kulia.

Utakutana pia na Okapi, chenye nakshi za nyota na miezi mpinini. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, 1902, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake cha kaboni ni kizuri na bei ni ya mwananchi. Lakini ni kirefu, hufunguka kwa mlio wa meno unaogeuza vichwa vya watu, na sifa yake katika nchi kadhaa ni ya ugomvi. Kiweke shambani.

Fundi anayeshika koleo kila saa anaweza kuchagua Leatherman au mfano wake, koleo linalokunjika lenye visu ndani. Zile kubwa zina uzito wa gramu 240 hivi, uzito wa mshipini, mfuko hauuwezi.

Dukani

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa visu methali hiyo ni kweli kabisa. Nenda dukani, kwa hadwea au kwa muuzaji mwenye meza ya kudumu ambaye utamkuta tena kesho. Usinunue dirishani mwa matatu.

Kwanza, kifunge. Kitazame kwa pembeni: ncha izame ndani ya mpini kabisa. Ikichungulia hata kidogo, itakutoboa siku moja ukitafuta sarafu. Kisha kifungue polepole, usikie kama kuna mchanga. Shika ubapa kwa mgongo uutikise kushoto na kulia. Usicheze. Kama kina kufuli, ushike mpini pembeni kwa ncha za vidole, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya ubapa, ugonge mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza ya mbao mara tatu au nne. Kikijifunga, kiweke chini, sema asante, uondoke. Muuzaji akikataa usijaribu, amekwisha kukujibu.

Mwisho omba karatasi ya gazeti uikate. Kisu kipya kizuri hukata bila kuchana, ingawa kikiwa butu kidogo si sababu ya kukikataa, makali utayaweka mwenyewe. Kufuli bovu hutaliweka.

Kubeba, askari na adabu

Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinamlenga mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai. Angalia maneno "katika hali". Kisu kilekile kwenye mkoba wa fundi saa nne asubuhi na kiunoni mwa mtu amesimama gizani saa sita usiku havisomwi kwa namna moja. Kwa hiyo kisu changu cha kazi hukaa na testa na bisibisi, na jioni kikibaki na vifaa nyumbani sipungukiwi na kitu. Nikienda mkutano wa siasa, mahakamani, shuleni kwa watoto au baa, vyote viwili hubaki. Ukipanda ndege pale Kisumu, kisu kiende kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si begi la mkononi.

Mlangoni pa benki na maduka makubwa, usingoje kupekuliwa. Mimi husema kabla mashine haijalia: "Afande, niko na kisu cha kazi hapa, nikuachie?" Anakitazama, anakiweka kwenye droo, nikitoka ananirudishia. Mara chache anasema nipite. Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa kutangulia kusema.

Na adabu ni hii: mbele za watu fungua kisu polepole, kwa mikono miwili, ukikielekeza chini. Ukimpa mtu, kifunge kwanza. Kama hakiwezi kufungwa, mpe mpini. Miaka yangu ya kwanza, pale soko la Kibuye, Kisumu, mama mmoja wa miwa aliniomba kisu, chake kilipovunjika mpini. Nilikifunga nikampa. Alikipima mkononi, akakifungua kwa ukucha, akavua ganda la muwa kwa mikato mirefu ya kwenda mbele, gumba lake likiwa nyuma ya mgongo wa ubapa muda wote, hata mara moja halikuvuka. Akaniambia, "Mwanangu, hiki ni kikali, lakini ncha umeiharibu." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekitumia kama bisibisi wiki hiyo.

Kunoa

Kisu butu hukata mkono kuliko kikali, kwa sababu unalazimisha, na kinacholazimishwa huteleza. Hii ndiyo sehemu watu huiruka, kisha wanalalamika kisu ni kibaya.

Kama huna kinoo, nunua msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000, uugundishe kwenye kipande cha kioo au vigae kilicho bapa kabisa. Usimpe kisu chembamba mtu mwenye jiwe la umeme linalozunguka bila maji. Ukingo hushika moto upesi, na ukiona rangi ya bluu kwenye makali, ugumu wa chuma hapo umeondoka na haurudi kwa kunoa.

Pembe ni nyuzi 20 hivi kila upande. Kuipata, chukua kona ya karatasi, ikunje nusu: hapo una nyuzi 45. Ikunje nusu tena: una 22 na nusu. Simamisha kisu kwenye pembe hiyo, uizoeze mikono yako kuikumbuka, kisha ondoa karatasi. Lowesha msasa. Sukuma ubapa kama unayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya msasa, kuanzia kisigino hadi ncha, bila kukandamiza. Endelea upande mmoja tu hadi upande wa pili uhisi mkunjo mdogo wa chuma. Uguse kwa kupeleka gumba kutoka mgongoni kwenda ukingoni, kamwe si kando ya makali. Utakwaruza kama uzi. Mkunjo ukienea urefu wote wa ubapa, geuza, fanya upande wa pili. Watu wengi huacha kabla mkunjo haujafika kwenye ncha, ndiyo maana visu vyao hukata katikati tu. Kisha namba 1000, kisha 2000, kila mara ukipunguza nguvu, na mwisho kwa zamu: mara moja huku, mara moja kule. Malizia kwa kuvuta ubapa kinyume cha makali kwenye upande wa ndani wa mshipi wa ngozi, mara kumi kila upande.

Ukiwa safarini, geuza kikombe cha udongo cha chai. Ile duara ya chini isiyo na mng'aro ni kinoo kizuri. Mikwaruzo sita kila upande, embe itakatika.

Ijumaa jioni ndipo ninapohudumia vyangu. Naosha cha chakula kwa sabuni, nakikausha kikiwa wazi, nafuta pamba kwenye mtaro wa kufuli la kile kingine, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bawaba. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, huganda yakawa gundi. Ubapa wa kaboni, kama unao, upake mafuta ya mtoto kwa kitambaa, kiasi cha kuung'arisha tu. Kisha nakata ukanda wa gazeti mara moja kwa kila kisu, kutoka kisigino hadi ncha. Penye kuchana, narudi kwenye msasa wa 2000. Pasipochana, navikunja, kila kimoja mfuko wake.